Mstari wa Nne wa Fishi Yangu

Jumamosi ile nilikuwa nimeketi mkekani, kichwa changu katikati ya magoti ya jirani yangu, na nusu ya nywele zangu zilikuwa zimekwisha kusukwa. Nusu ya kushoto. Ya kulia ilikuwa bado imesimama wima kama fagio la zamani. Naitaja hali hiyo mapema kwa sababu nilizunguka nayo mjini siku nzima, na ndiyo wanayoikumbuka watu walioniona. Mimi nakumbuka mengine.

Jirani huyo alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwenye vidole vyepesi kuliko wote mtaani. Mume wake, mchimbaji kama vijana wengi wa Kolwezi, alikuwa ameacha mashimo kwa miezi miwili ili kununua mahindi upande wa Kasaji. Alimwacha mke katika nyumba ya kaka yake mkubwa, viwanja vitatu kutoka kwangu. Ndiyo desturi yetu: mume akisafiri, kaka yake hubaki na neno la mwisho. Na huyo kaka alikuwa mtu wa kusifiwa. Hanywi, anaimba sauti ya chini kwaya ya kanisa, anakusalimu akiwa ameshika kofia mkononi. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia yule binti, "Una bahati na shemeji yako." Hakujibu, nami nikadhani ni aibu.

Vidole vikasimama.

"Prof," akasema nyuma ya kichwa changu.

Mtaani wananiita Prof. Ukweli ni kwamba nilikuwa msaidizi tu chuoni Lubumbashi, zamani, na usaidizi wenyewe uliisha kabla tasnifu yangu haijafika ukurasa wa tatu. Tangu hapo naishi kwa kuandika: makala, hotuba za watu wengine, makaratasi ya miradi. Cheo cha mtaani hakina mtihani.

"Prof, ile dawa banasemaka mu redio, ya siku tatu. Ya mwanamuke mwenye balimushika kwa nguvu. Ni ya kweli?"

"Ni ya kweli. Kwa nini?"

Kitana kikapita mara mbili bila kusuka kitu.

"Ilikuwa siku ya ine, magaribi. Mama ya nyumba alikuwa ku kanisa. Yaya ya bwana yangu njo alibakia."

Siku ya ine ni Alhamisi, na yaya kwetu ni kaka mkubwa: yule shemeji ndiye aliyebaki naye. Nilihesabu kwanza, kabla ya kuhisi chochote. Ndivyo akili yangu ilivyofundishwa, na sijivunii. Dawa ya kuzuia virusi huanzwa ndani ya siku tatu, na siku tatu zitaisha Jumapili jioni. Lakini kituo cha afya chenye dawa hiyo hufungwa Jumamosi saa sita mchana, na Jumapili chumba cha dawa hakifunguliwi kabisa. Saa yangu ilisema saa nne na robo.

Kisha nikafungua mdomo. Nataka mjue kwamba miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimelipwa kuandika mwongozo wa wauguzi na polisi kuhusu namna ya kumpokea mtu kama huyu. Kanuni ya kwanza, ukurasa wa kwanza, kwa herufi nzito: usimuulize kwa nini amechelewa.

"Mbona umekaa siku mbili?" nikamuuliza.

Alivuta nywele kwa nguvu hadi macho yakanitoka machozi.

"Mi sisemi na weye," akasema. "Nasema na kichwa yako. Kama ungenitazama singesema."

 Hatimaye nikasema neno la maana: "Twende."

"Na kichwa?"

"Kitangoja."

Hapa lazima nieleze habari ya fishi.

Fishi ni karatasi ya kumwandikisha mtu. Pamoja na ule mwongozo niliandika pia fishi moja, ya kutumika katika vituo vyote vya afya vya upande wetu, ili mwanamke asiulizwe mambo yale yale mara tano na watu watano. Fishi ya kwanza ilikuwa kurasa saba. Mimi niliipunguza hadi mbili. Tuliijadili kwa siku tatu katika ukumbi wenye baridi ya mashine, chupa za maji zimepangwa mezani: wauguzi, polisi, mwanasheria mmoja, mchungaji mmoja, nami mbele na kalamu ya rangi. Mstari wa kwanza, jina. Wa pili, miaka. Wa tatu, makao. Wa nne, jina na sahihi ya responsable.

Responsable, kwa makaratasi ya kwetu, ni mwenye mtu, yule anayejibu na kusaini kwa niaba yake. Sisi tuliokulia katika kambi za wafanyakazi wa shaba tulinyonya neno hilo pamoja na maziwa. Baba alikuwa na namba kazini, na mama na watoto walitibiwa, walipewa unga na waliandikwa shule kwa namba ile ya baba. Mama yangu alinizaa kwa namba ya baba yangu. Siku baba alipostaafu, mama alifika hospitali na homa, akaambiwa hana namba. Akarudi nyumbani akiwa haumwi tena, kwa hasira. Hadithi hiyo naijua tangu utoto. Naisimulia vizuri, watu hucheka. Na bado, nilipoandika fishi ya wanawake waliodhulumiwa, mara nyingi ndani ya nyumba zao wenyewe, mkono wangu uliandika mstari wa nne bila hata kusimama. Ukumbi mzima haukuusimamisha. Tulikuwa wote watoto wa kambi. Mstari wa tisa ndio tuliogombania, nusu siku nzima, kama iandikwe "tukio" au "jambo lililotokea", na niliwazuia watu wasiende kula mpaka neno langu likapita.

Tulipanda pikipiki moja, yeye katikati, mimi nyuma, na upepo ukiuchezea upande wangu wa kulia. Sikukumbuka kitambaa mpaka tuliposimama nyuma ya lori la mawe na dereva wetu akaniambia, "Mama, uko na vumbi upande moja tu."

Kituoni, mbele ya chumba kipya chenye mlango wa buluu kinachoitwa chumba cha kusikiliza, kulikuwa na meza, na kwenye meza mzee mmoja wa mapokezi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa mtu safi. Kalamu zake mbili zililala sambamba na rula. Watu kama wanane walikaa kwenye benchi, karibu kiasi cha kusikia kila kitu. Akatoa karatasi kutoka kwenye jalada, na moyo wangu, nasikitika kusema, ukafurahi. Ilikuwa fishi yangu. Sikuwa nimewahi kuiona kazini.

"Jina?" akasoma. Akajibiwa. "Miaka? Makao?"

Alisoma vizuri, kwa mapumziko mahali nilipoyaweka. Nilikaa kando ya jirani yangu, mkono wangu juu ya goti lake, nikisikiliza sentensi zangu zinavyotembea. Sina utetezi mwingine.

"Namba ine. Jina ya responsable. Bwana yako iko?"

"Iko safari."

"Sasa nani anakuangaria mu nyumba?"

Alilelewa kuwajibu wakubwa. "Yaya ya bwana," akasema kwa sauti ndogo, akalitaja jina lake.

"Namba yake ya telefone?"

Akaitaja pia. Nilikuwa bado natafakari kama mstari wa tano haukuwa mrefu mno. Niliposhtuka, mzee alikuwa tayari ameweka simu sikioni.

"Tata, jambo yako. Ni huku ku kituo cha afya. Tuko na muke ya mudogo wako hapa, tunaomba ukuje kusaini karatashi. Eeh. Ndiyo, tata. Aksanti." Akaweka simu chini, akamtabasamia jirani yangu kwa wema wa kweli. "Anasema iko mu njia. Haina mbali."

Goti lilianza kutetemeka chini ya mkono wangu.

"Turudie," akanong'ona. "Prof, turudie nyumba."

Nyumba ipi? Akirudi, atarudi kwa mtu aliyekwisha jua kwamba alifika kituoni. Akibaki, mtu huyo anakuja. Na akitoka bila dawa kabla ya saa sita, hatapata nyingine. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika ishirini.

Niliinama juu ya meza. "Tata, futa huo mstari. Muache aingie."

"Mama, haifutwake."

"Huyo uliyemwita ndiye..." Nikalitazama benchi. Watu wanane walikuwa wameacha kupumua ili wasikie. Nikameza neno. "Asije hapa. Tafadhali futa."

Akagusa muhuri wake. "Fishi ikikosa namba ine, mi siwezi kupiga tampo. Bila tampo, kule mu chumba cha dawa hawatoe kitu. Si mi nilitengeneza. Ile kitu ilitengenezwa na batu ya masomo."

"Ni mimi niliyeitengeneza!"

Aliinua miwani. Akautazama upande wa kushoto wa kichwa changu, kisha wa kulia, bila haraka.

"Ndiyo, mama," akasema kwa upole wa kumjibu mgonjwa.

Mtu akacheka benchini. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Ee, professeur ya nusu!" na wengine wakamfuata. Nikaanza kutaja ukumbi, siku tatu, mwanasheria. Kila neno lilinifanya nizidi kufanana na nywele zangu.

Mlango wa buluu ukafunguka. Akatoka muuguzi mnene wa makamo, kandambili miguuni.

"Kelele ya nini hapa? Hii ni soko?" Kisha akaniona, akakaza macho. "Weye! Weye njo ulitukatalia kwenda kula juu ya namba kenda! Mi niko na kisukari, mama, siku ile nilitaka kuanguka."

Sijawahi kufurahi hivyo kulaumiwa. Benchi likatulia. Mzee wa mapokezi akaivua miwani, akaitazama karatasi, kisha mimi, kisha karatasi.

Muuguzi alikuwa amekwisha mtazama jirani yangu: mikono, midomo, namna alivyokaa ukingoni mwa kiti. Hakumuuliza kitu.

"Siku ngapi?" akaniuliza mimi, chini chini.

"Alhamisi jioni. Na mtu mwenyewe ameitwa kuja kusaini."

"Nani alimuita?"

 Mzee akaitazama simu yake. Nilimwona akirudi nyuma kichwani mwake, hatua kwa hatua: jina, namba ya simu, goti lililotetemeka. Uso wake ukabadilika rangi.

"Ingia, mutoto wangu," muuguzi akasema. "Dawa kwanza."

"Lakini tampo," mzee akasema, sasa akikaribia kulia. "Yule wa mu chumba cha dawa hatatoa. Namuandika nani?"

"Andika mi," jirani yangu akasema. Alikuwa amesimama. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kufika ukutani.

"Mutu haikuwake responsable ya yeye mwenyewe, mama."

"Nani alikataza?" akauliza muuguzi.

Na wote watatu wakanigeukia. Ningependa kuandika kwamba nilijibu mara moja. Kuna sauti ndani yangu, sauti ya kambi, iliyokuwa kweli ikitafuta: labda shangazi, labda mchungaji, labda hata mimi, mtu yeyote mkubwa wa kuwekwa pale. Nilipitia majina matatu kichwani kabla ya kuona ninachokifanya.

"Hakuna aliyekataza," nikasema. "Andika."

Akaandika, polepole, kwa mwandiko wa shule ya zamani. Jirani yangu akatia sahihi. Muhuri ukagonga. Muuguzi akachukua karatasi kwa mkono mmoja na mwanamke kwa mwingine, na mlango wa buluu ukafungwa.

Pikipiki ilisimama nje kabla sijakaa.

Aliingia akiwa na kofia mkononi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, na kalamu ilichomekwa mfukoni. Alikuja na kalamu yake mwenyewe. Akawasalimu wa benchini wote, mmoja mmoja, na wazee wakamjibu kwa heshima. 

"Tata, mi njo uliniita," akamwambia mzee. "Ju ya muke ya mudogo wangu. Iko mugonjwa? Iko wapi?"

Macho ya benchi zima yalikimbilia mlango wa buluu na kurudi. Mzee wa mapokezi alipanga kalamu zake upya. Huyu ni mtu ambaye, dakika kumi kabla, hakuweza kuruka mstari mmoja wa karatasi.

"Ni makosa yangu, tata," akasema. "Jina inafanana. Yule mama tulimutafuta ni mwingine, alisharudi."

"Ulitaja jina ya mudogo wangu. Ulitaja na kiwanja."

"Macho, tata." Akagusa miwani. "Hii uzi inanisumbua. Unisamehe sana."

Kaka alisimama akiigeuza kofia. Kisha akanitambua.

"Eh, Prof! Jambo yako. Unafanya nini huku na kichwa nusu? Nani anakuacha vile?"

Alijua nani husuka nywele zangu Jumamosi. Mtaa mzima ulijua. Kichwa changu kilikuwa ushahidi umekaa pale, kushoto kimesukwa, kulia kinasema mikono iliyosuka haiko mbali.

"Homa ilinishika katikati," nikasema. "Nikamwambia tutamaliza kesho."

"Yeye alienda wapi?"

"Sokoni, nafikiri. Alisema anataka kitana."

Alinitazama muda mrefu, bila kukunja uso. Kisha akaketi kwenye benchi, kando yangu kabisa, akaweka kofia juu ya goti.

"Nitapumuzika kidogo," akasema. "Jua ni kali."

Mama mwenye mtoto mgongoni, yule aliyeniita professeur ya nusu, akasogea. Sikumwomba. Alijibana kati ya kaka na upande wa mlango, akamshusha mtoto, akaanza kumbadilisha nepi pale pale, kwa mapana yote ya viwiko vyake, na mtoto akalia kwa sauti ambayo hakuna neno la nyuma ya mlango lingeweza kuipita. "Samahani, tata," akasema. "Tumbo inamukimbia." Kaka akageuza uso upande mwingine. Hatukuwahi kuongea, mimi na mama yule, kabla wala baada.

Tulikaa hivyo dakika thelathini na moja. Naijua saa ile ya ukutani kuliko ninavyoijua sura ya baba yangu. Kaka alinizungumzia bei ya mahindi, barabara ya Nzilo, kwaya. Nilijibu. Saa sita ilipofika, muuguzi akatoka, akafunga mlango wa buluu kwa ufunguo, akapunga begi lake.

"Tumefunga, bandugu. Mwenye homa arudi kesho kutwa."

Nyuma yake chumba kilikuwa kitupu. Kabla ya kufungwa, mlango ulibaki wazi muda wa kutosha kwa yeyote kuona hivyo. Kaka aliona. Akavaa kofia, akaniambia, "Umusalimie huko ku soko," akaenda zake. Ndipo muuguzi akaninong'oneza kwamba chumba kina mlango wa pili, unaotokea uwanja wa chanjo, na kwamba binti ameondoka robo saa iliyopita, na dawa zake kwenye mfuko wa unga, kwenda kwa mdogo wa mama yake upande mwingine wa mji.  Mzee wa mapokezi aliniletea maji. 

"Ningemufungulia muchawi mulango," akasema. "Kwa mukono yangu."

"Kwa karatasi yangu," nikamwambia. Hakunipinga.

Sikuwa na amani mwezi ule. Mara mbili nilimkuta kaka amesimama mbele ya lango langu, ananisalimia tu. Nilibadilisha kufuli, nikapunguza kutoka nje. Mume alipigiwa simu na mke wake mwenyewe, kutoka nyumbani kwa mama yake mdogo. Alimsikiliza mpaka dakika za simu zikaisha, na siku nne baadaye alishuka Kolwezi bila mahindi. Yaliyofuata kati ya ndugu wawili, na kesi ambayo mpaka leo inaahirishwa, si yangu kuyasimulia.

Kilicho changu ni mstari. Nilirudi kwa walionilipa, nikaomba kikao. Nikaeleza. Walinisikiliza kwa huzuni, wakaandika, kisha mmoja akauliza kwa nia njema kabisa, "Sasa atasaini nani?" Tulilizungumza jambo hilo kwa muda wa saa mbili. Safari hii nilikuwa wa kwanza kuomba twende kula. Mstari uliondolewa, lakini maboksi ya fishi za zamani yalikuwa yamekwisha sambazwa mpaka Sandoa, na hakuna aliyekuwa na bajeti ya kuyachapa upya. Nilipopita kituoni, nilimkuta yule mzee mezani, rula mkononi, akiupiga kalamu mstari wa nne kwenye kila karatasi kabla haijatumika, rundo baada ya rundo. Alikuwa pia ameiburuta meza yake mbali na benchi. Hakuna mwongozo uliomwambia hivyo. Nilikuwa nimesahau kuandika mahali pa kuweka meza.

Jirani yangu alimaliza dawa zake, mwezi mzima, na kichefuchefu chake chote. Mimi nilitembea na kitambaa kichwani wakati wote huo. Wasusi wapo wengi, lakini kila nilipokaa mbele ya mmoja niliinuka tena. Jumamosi ya tano akaja, akatandika mkeka mwenyewe, akaketi kitini.

Nusu ya kushoto ilikuwa imefumuka na kujaa vumbi. Akaifumua yote bila neno. Nilikuwa nimetayarisha la kusema. Nililiandika hata, nikalisahihisha mara mbili. Nikageuza shingo nimtazame usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Prof, ile karatashi," akaniwahi. "Njo weye uliandika?"

"Ndiyo."

Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza mbele, akaanza upande wa kulia. Alisuka kwa kubana, kubana sana, kope zangu zikavutika.

"Inauma," nikasema.

"Najua," akasema, na hakulegeza. "Usitikisike."